Rachel Mwanza: Aliitwa mchawi nyumbani, Berlin ikampa tuzo

Tarehe 18 Februari 2012, mjini Berlin nchini Ujerumani, msichana mmoja Mkongomani ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 18 alipanda jukwaani kupokea tuzo ya Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika moja ya mashindano makubwa ya filamu duniani. Jina lake ni Rachel Mwanza. Hakuwa amesoma shule yoyote ya uigizaji. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa analala nje katika barabara za Kinshasa, kwa sababu watu wa nyumbani kwake walisema yeye ni mchawi.

Filamu iliyompa tuzo hiyo inaitwa kwa Kifaransa Rebelle, maana yake mwasi. Kwa Kiingereza iliitwa War Witch, yaani mchawi wa vita. Neno lililomfukuza Rachel katika nyumba ndilo likawa jina la filamu iliyompeleka Ulaya na Amerika.

Hapa Bukavu, jina la Rachel Mwanza halitajwi mara nyingi. Lakini maisha yake yanagusa mambo mawili ambayo familia za Kivu ya Kusini zinayajua kupita wengine: watoto wanaobebeshwa bunduki, na watoto wanaobebeshwa lawama ya uchawi wakati nyumba imepatwa na shida.

Kutoka Kasai mpaka barabara za Kinshasa

Rachel Mwanza ni mzaliwa wa Kasai. Wazazi wake walipoachana, mama alichukua watoto na kwenda nao Kinshasa, akiamini kwamba katika mji mkuu maisha yatakuwa na unafuu. Unafuu haukuonekana. Mama akaondoka kwenda mbali kutafuta riziki, watoto wakabaki kwa nyanya yao.

Kilichofuata ni kisa ambacho Kinshasa inakijua sana. Katika nyumba yenye njaa, mtu aliyejiita nabii akasema chanzo cha mikosi ni mtoto. Rachel akapitishwa katika maombi ya kumtoa pepo, na mwishowe akafukuzwa. Akawa mmoja kati ya watoto ambao Kinshasa huwaita shegue, wale ambao Bukavu na Goma huwaita maibobo.

Habari hizo amezisimulia mwenyewe katika kitabu Survivre pour voir ce jour, alichokiandika pamoja na Mbépongo Dédy Bilamba na kuchapishwa mwaka 2014. Jina la kitabu hicho linaeleweka hivi: kubaki hai ili kuiona siku hii.

Lawama ya uchawi juu ya watoto haikuwa desturi ya zamani ya mababu. Zamani aliyeshukiwa kwa kawaida alikuwa mtu mzima, mara nyingi mzee. Mtindo wa kumnyooshea kidole mtoto ulikua sana katika miaka ya 1990, wakati nchi ilipoanguka kiuchumi. Mwaka 1991 na tena mwaka 1993 wanajeshi wasiolipwa walipora miji, makampuni yakafungwa, mishahara ikakatika. Mwaka 1996 vita vikaanza, na mwaka 1998 vikarudi tena. Ukimwi ukaacha yatima wengi. Watoto hao wakapelekwa kwa wajomba, mashangazi na nyanya ambao wenyewe hawakuwa na chakula. Wakati huo huo makanisa madogo ya uamsho yakazidi kuongezeka, na baadhi ya wachungaji wakawa wanaishi kwa kutafuta wachawi na kuwatoza ndugu pesa ya maombi.

Mwaka 2006 shirika la kutetea haki za binadamu Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa mtaani nchini Congo, ikaeleza namna watoto wengi walivyofika barabarani kwa njia hiyo. Wengi wa waliolaumiwa hawakuwa wakiishi na baba na mama wote wawili. Walikuwa yatima, watoto wa kambo, walemavu, wenye kifafa, wanaokojoa kitandani, au wale waliosemwa tu kwamba ni wakaidi. Kwa maneno mengine, lawama ilimwangukia mtoto asiyekuwa na mtu wa kumtetea.

Sinema ya Congo ilikuwa tayari na historia

Kabla ya Rachel, Congo ilikuwa tayari imepeleka filamu zake nje, na mtoto wa Bukavu alikuwa mstari wa mbele. Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950, ndiye aliyeongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy filamu La vie est belle ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba aliigiza kijana anayetoka kijijini kutafuta muziki Kinshasa. Mwaka 1999 Ngangura alipata tuzo kuu ya FESPACO kule Ouagadougou, Farasi wa Yennenga, kwa filamu Pièces d'identités.

Lakini miaka ya vita iliua kumbi za sinema. Kwa kijana wa Kinshasa au Bukavu, filamu ikawa kitu cha kuangalia kwenye televisheni ya jirani. Kwa hiyo mkurugenzi wa kigeni aliyekuja Kinshasa kutafuta waigizaji wachanga alipaswa kuwatafuta mahali ambapo watoto wenyewe walikuwa: mitaani.

Wawili walifanya hivyo karibu kwa wakati mmoja. Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg alitengeneza Kinshasa Kids, filamu juu ya watoto wa mtaani waliofukuzwa kwa lawama ya uchawi ambao wanaunda kundi la muziki. Rachel anaonekana ndani yake, na filamu hiyo ilioneshwa Venice mwaka 2012. Wa pili ni Kim Nguyen, Mkanada wa Montréal mwenye baba Mvietinamu, aliyekuwa ameifanyia kazi hadithi yake kwa karibu miaka kumi. Yeye ndiye aliyempa Rachel nafasi ya kwanza katika Rebelle.

Komona ni kadogo

Rebelle ilipigwa Kinshasa na kandokando yake mwaka 2011. Ndani ya filamu, nchi haitajwi jina. Lakini mtu wa Kivu akiitazama hahitaji kuambiwa.

Rachel anaigiza msichana anayeitwa Komona. Ana miaka 12 waasi wanapovamia kijiji chao kando ya maji. Wanamshikisha bunduki na kumlazimisha kuwaua baba na mama yake mwenyewe. Kisha wanamvusha msituni, wanamfundisha kupigana, na kumwambia kwamba tangu sasa bunduki ndiyo baba na mama.

Msituni watoto wanapewa utomvu wa mti, na Komona anaanza kuona mizimu ya watu waliokufa. Mizimu hiyo inamwonya maadui wanapokaribia. Kiongozi wa waasi, anayejiita Tiger Mkuu, anamtangaza kuwa mchawi wake wa vita. Anapewa heshima, lakini ni heshima ya kamba shingoni: siku utabiri ukishindwa, atauawa kama waliomtangulia. Waasi wanaishi kwa coltan, madini ambayo vijiji vya Kalehe na Masisi vinayajua vizuri.

Kuna kijana mwenye ualbino, anayeitwa Mganga wa mazingaombwe, aliyeigizwa na Serge Kanyinda. Wanapendana, wanatoroka pamoja, na yeye anazunguka kila mahali kutafuta jogoo mweupe ambaye Komona amemdai kabla ya kukubali ndoa. Ni sehemu pekee ya filamu ambamo mtu anacheka. Halafu vita vinawafuata. Komona, akiwa na miaka 14, anasimulia yote haya kwa mtoto aliye tumboni mwake, akiomba Mungu ampe nguvu ya kutomchukia. Mwisho anarudi kijijini kuwazika wazazi wake, kwa sababu mizimu yao haimpi usingizi.

Katika historia ya Kivu, mtoto kama Komona ana jina: kadogo. Jina hilo lilienea mwaka 1996, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipoanza vita mashariki na kukusanya watoto na vijana katika miji na vijiji vya Kivu. Tarehe 17 Mei 1997 baadhi yao waliingia Kinshasa wakiwa na buti za mpira na bunduki karibu ndefu kama wao. Kinshasa ikawapigia makofi. Baada yao, makundi mengi yaliyofuata, ya kila upande, yaliendelea kutumia watoto.

Kim Nguyen hakuwapa waigizaji maandishi ya hadithi nzima. Alipiga filamu kwa kufuata mfuatano wa matukio, siku kwa siku, ili waigizaji wasijue mapema kitakachowapata wahusika wao. Kwa Rachel, ambaye wakati huo hakujua kusoma, njia hiyo ilifaa. Hakukariri maneno ya kitabu. Alisikiliza, akajibu. Anayetazama uso wake anaona kwamba halii sana. Anatazama tu, kama watoto wanavyotazama wakishajifunza kwamba machozi hayaleti mtu. Hilo halifundishwi katika shule ya sinema, na lisidhaniwe kuwa ni zawadi ya mtaa. Mtaa haukumpa kipaji. Alikuwa nacho tangu alipokuwa bado nyumbani, na hakuna aliyekiona.

Berlin, New York, Toronto

Baada ya Berlin, milango ilifunguka haraka. Mwezi wa nne wa mwaka huo huo wa 2012, mashindano ya Tribeca mjini New York yalimpa Rachel tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na filamu yenyewe ikapata tuzo ya filamu bora ya hadithi. Kanada iliichagua Rebelle kuiwakilisha Oscar, nayo ikaingia katika filamu tano za mwisho za lugha ya kigeni. Tarehe 24 Februari 2013 Oscar ilichukuliwa na Amour ya Michael Haneke. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, Rebelle ilizoa tuzo 10 za filamu za Kanada mjini Toronto. Kati ya hizo, Rachel alipata ya mwigizaji bora wa kike na Serge Kanyinda ya mwigizaji bora msaidizi.

Kuna jambo lingine la mwaka 2012 ambalo wasikilizaji wa mashariki watalikumbuka. Siku 25 baada ya Rachel kupokea tuzo Berlin, tarehe 14 Machi, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa. Aliyekutwa na hatia alikuwa Thomas Lubanga wa Ituri, na kosa lilikuwa kuandikisha watoto chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Mwezi wa saba alipewa kifungo cha miaka 14. Ndani ya mwezi mmoja, dunia ilisikia habari ya watoto wa vita wa Congo mara mbili: mara moja katika ukumbi wa sinema, mara moja mahakamani.

Tuzo haikutosha kumlea

Habari nyingi zilizoandikwa juu ya Rachel Mwanza zinaishia kwenye jukwaa. Lakini tuzo haipiki chakula, na mtoto wa mtaani aliyepigiwa makofi anaweza kurudi kulala mtaani kesho yake. Sinema imewahi kuwaacha watoto wengi namna hiyo, wakipigwa picha leo na kusahauliwa kesho.

Kwa Rachel, watengenezaji wa filamu hiyo kutoka Kanada walichukua jukumu la kumlipia mahali pa kuishi na masomo mpaka afikishe miaka 18. Alianza kusoma na kuandika akiwa tayari ni nyota. Baadaye akahamia Montréal. Mwaka 2018 alionekana katika Troisièmes noces ya Mbelgiji David Lambert, pamoja na Bouli Lanners. Humo anaigiza Tamara, msichana Mkongomani anayeingia katika ndoa ya makaratasi na mwanamume mjane ili apate kukaa Ulaya. Hapo aliigiza mtu mzima, mcheshi na mwenye akili ya kupanga maisha yake, mbali kabisa na msitu wa Komona. Ndipo ilipoonekana kwamba yeye ni mwigizaji wa kweli, asiyetegemea kusimulia mateso yake peke yake.

Njia yake haikubaki tupu. Mwaka 2017 filamu Félicité ya Alain Gomis, iliyopigwa Kinshasa, ilirudi Berlin na kupata tuzo kuu ya majaji. Mhusika wake mkuu, mwimbaji wa baa anayezunguka mji akitafuta pesa ya kumpasulia mtoto wake mguu, aliigizwa na Véro Tshanda Beya, Mkongomani mwingine ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Neno hilo katika Kivu ya Kusini

Anayesoma maisha ya Rachel asiseme kwamba hayo ni mambo ya Kinshasa. Kivu ya Kusini ina jina lake la wanaotafuta wachawi: bajakazi, wanawake wanaojiita watumishi wa Mungu na kudai kwamba katika chumba cha maombi wanaona nani ni mulozi. Mwaka 2021, katika vijiji vya jimbo hili, wanawake kadhaa, hasa wazee, waliuawa na vikundi vya watu baada ya kutajwa hivyo, wengine kwa kuchomwa moto. Panapolaumiwa nyanya leo, kesho atalaumiwa mjukuu.

Hatari inakuwa kubwa zaidi familia inapohama. Nyumba iliyokuwa na watu watano inapokea kumi na wawili waliokimbia Kalehe au Minova. Chumba ni kimoja, unga ni kidogo, kila mtu ana majonzi. Mtoto aliyeona watu wakiuawa anaamka usiku akipiga kelele, anakojoa kitandani, anakataa kusema, anamwona marehemu katika ndoto. Komona naye aliona wafu. Katika filamu waasi waliita hiyo nguvu ya uchawi. Wanaohudumia watoto waliopitia vita wanaiita kwa jina lake: ni jeraha la moyo, na linaweza kutulizwa. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu mzima mmoja wa kukaa karibu naye, usingizi, chakula, na kurudi katika mchezo na masomo. Chumba cha maombi ambamo anafungiwa bila kula kinaongeza jeraha juu ya jeraha.

Bukavu pia ina mfano wake wa kinyume. Murhabazi Namegabe, kiongozi wa shirika BVES la hapa mjini, ametumia miaka mingi kuingia katika kambi za makundi yenye silaha na kuwatoa watoto. Mwaka 2011, mwaka uleule ambao Rebelle ilipigwa, alipewa nchini Sweden tuzo ya World's Children's Prize, ambayo washindi wake huchaguliwa kwa kura na watoto wenyewe. Katika kazi yake, kumtoa mtoto msituni ni nusu tu. Nusu ya pili ni kupata nyumba itakayokubali kumpokea bila kumwita muuaji au mulozi.

Sheria inasemaje

Wapo wanaodhani kwamba kumfukuza mtoto kwa sababu ya uchawi ni mambo ya ndani ya familia. Sheria ya Congo haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumtelekeza mtoto, kumtesa na kumlaumu kwa uchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya faranga 200 000 hadi 1 000 000 za Congo kwa mtu anayemtesa mtoto moyoni kwa lawama ya uchawi. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 187, inatoa kifungo cha miaka 10 hadi 20 kwa anayeandikisha au kutumia mtoto chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lenye silaha. Vifungu hivyo havibagui nabii, mjomba wala kamanda.

Rachel alipofukuzwa, sheria ya 2009 ilikuwa bado haijatoka au ilikuwa changa, na hakuna aliyeitumia kwa ajili yake. Leo ipo. Hata pale ambapo ofisi za serikali hazifanyi kazi kama kawaida, kiongozi wa avenue, mwalimu, mchungaji mwenye busara au jirani anaweza kusimama mlangoni na kusema: mtoto huyu hatoki, na kama chakula hakitoshi tutafute pamoja.

Mtoto aliyefukuzwa na msichana aliyetuzwa Berlin ni mtu yule yule mmoja. Kipaji chake hakikushuka kutoka mbinguni siku ya tuzo, na uchawi haukumtoka kwa maombi, kwa maana haukuwamo. Kilichobadilika ni watu wazima waliokuwa mbele yake: wa kwanza walitafuta wa kulaumu, wa pili walimpa kazi, kitanda na kalamu. Kati ya watoto wanaolala sokoni Kadutu na wale waliojazana katika nyumba za wanaopokea waliohama, hakuna anayejua ni yupi atakuwa nani. Kwa hiyo familia itakayosikia usiku huu mtu akisema shida zote zimeletwa na mtoto, kwanza imshike mtoto, halafu imuulize aliyesema hivyo anataka kulipwa kiasi gani.